Kumrudisha Trauti Mkubwa Kilindini

Katika maziwa ya Kanada na ya kaskazini ya Marekani huishi samaki aitwaye trauti wa ziwa, Salvelinus namaycush. Samaki huyu hupendelea maji ya nyuzi 10 hivi za sentigredi. Kwa hiyo wakati wa joto huteremka kilindini. Hukua polepole, na baadhi hupita umri wa miaka 40. Mmoja aliyenaswa kwa wavu katika Ziwa Athabasca mwaka 1961 alikuwa na uzito wa kilo 46 hivi. Samaki wa namna hiyo akipotea, huchukua miongo ya miaka kupata wa badala yake. Ndiyo maana wavuvi wengi wa ndoana humrudisha majini akiwa hai.

Je, atasalimika? Hebu tuikumbuke Kanuni ya Boyle. Kanieneo ya maji huongezeka kwa angahewa 1 hivi kila meta 10. Katika kina cha meta 30, samaki hubeba angahewa 4: tatu za maji, na moja ya hewa iliyo juu ya ziwa. Gesi yenye mjao wa sentimeta za ujazo 100 katika kibofu chake, ikipandishwa bila upenyo, itafikia 400. Sangara wetu hana pa kuitolea, kwani kibofu chake kimefungwa. Trauti ana mrija uunganishao kibofu na umio. Apandapo, hucheua gesi, na mapovu huonekana juu ya maji.

Hata hivyo, mrija huo hautoshi peke yake. Akivutwa kwa haraka mno, gesi hukosa wasaa wa kutoka. Akicheleweshwa mno, misuli yake hujaa asidi ya laktiki. Tena maji ya juu yenye joto humwongezea haja ya oksijeni, ilhali yenyewe huwa na oksijeni kidogo zaidi. Basi ndoana itolewe samaki akiwa majini, mikono iwe imelowa ili ute wa ngozi usiondoke, na tumbo liegemezwe. Ndoana iliyomezwa ising'olewe, bali uzi ukatwe.

Samaki aogeleaye na kutoweka hajathibitisha kwamba amepona, kwani aweza kufa baadaye. Kumrudisha ni hifadhi pale tu anapoishi.

Zoezi: Gesi ya sentimeta za ujazo 60 katika kina cha meta 50 itakuwa na mjao gani juu ya maji, halijoto isipobadilika? Kwa nini kibofu cha trauti aliyecheua hakifikii kiasi hicho?