KUVUMILIANA NA KUONYANA



Tuseme mama mmoja wa Bomeni, kule Taveta, anauza ndizi sokoni Jumatano na Jumamosi. Fedha za karo humwachia mumewe aziweke. Muhula unapoanza, anakuta nusu imeishia kwenye pombe. Afanye nini? Anyamaze, kwa kuwa aliahidi kumpenda katika taabu na raha? Au apige kelele hadi majirani wasikie?

Wengi hudhani njia ni hizo mbili tu. Lakini kumbukeni yale matendo 7 ya huruma ya kiroho tuliyofundishwa katika katekisimu. Miongoni mwake yamo kuwaonya wakosefu, kusamehe makosa, na kuwavumilia wanaotusumbua. Yamo katika orodha moja, na yote yanaitwa huruma. Basi, anayeonya vizuri hajapunguza upendo, na anayevumilia hajahalalisha kosa.

Mtakatifu Thoma wa Akwino, katika karne ya 13, alifundisha kuwa kumwonya ndugu ni tendo la mapendo, kwa sababu lengo lake ni mema ya yule anayeonywa. Hapo ndipo pa kujipima kabla ya kufungua mdomo: Je, nasema ili mwenzangu apone, au ili nitue hasira zangu?

Yesu ametuwekea utaratibu (Mt 18:15-17). Kwanza, semeni ninyi wawili peke yenu. Si mbele ya watoto, si kwa mama mkwe, wala si wakati mmoja amelewa. Mama yule angoje asubuhi, aseme: "Baba Maria, fedha za karo zimepungua, na mtoto atarudishwa nyumbani. Tufanyeje?" Ataje kosa hilo moja, asifukue ya mwaka juzi, wala asimtukane pamoja na ukoo wake. Kisha anyamaze, asikilize. Naye baba akubali kuambiwa, asitafute kosa la mkewe ili kulipiza.

Pili, asiposikia, waiteni wasimamizi wenu wa ndoa. Tatu, mwendeeni paroko.

Hata hivyo, kuvumilia si kukubali kipigo. Katika wosia wake Amoris Laetitia wa mwaka 2016, Papa Fransisko alikiri kwamba mara nyingine kutengana huwa ni lazima, ili kumwokoa mwenzi aliye mnyonge au watoto. Kenya nayo ilipitisha mwaka 2015 sheria ya kuwakinga wanafamilia dhidi ya ukatili. Aliye hatarini atafute kwanza mahali pa usalama, mazungumzo yatafuata.

MASWALI YA KUJADILI WAWILI

1. Ni jambo gani ninalolinyamazia kwa woga, nikiuita woga huo uvumilivu?

2. Mara ya mwisho uliponionya, ni neno gani lililonisaidia, na lipi lililoniumiza?

3. Ni wakati gani wa siku tunaoweza kuambiana ukweli kwa utulivu?