Pesa ya Chakula cha Jioni Huenda Wapi? Somo kwa Familia Isiyo na Muda

Saa moja na nusu jioni. Umeshuka kwenye matatu ukiwa umechoka, watoto wanakungoja nyumbani, na huko hakuna hata maharagwe yaliyochemshwa. Pale stejini chipsi zinatolewa kwenye mafuta. Unatoa simu, unaweka till namba, unaweka PIN, na mambo ya jioni yameisha. Shilingi 600 si pesa ya kumkosesha mtu usingizi, si ndiyo?

Halafu siku ya kufungua shule inafika, karo haijatimia, na kila mtu nyumbani anauliza: jameni, pesa ilienda wapi?

Swali hilo lina jibu, na jibu liko kwenye simu yako. Katika somo hili tutasoma taarifa ya miamala pamoja, tupige hesabu ya jikoni, kisha tuone jinsi ya kuishika pesa inayobaki. Hatuko hapa kumsema vibaya mwenye kibanda. Yeye anafanya kazi yake, na siku zingine chapati madondo zake ndizo zinazotuokoa. Tunachotaka ni kwamba ukila nje, iwe umeamua mwenyewe, si uchovu umekuamulia.

Hatua ya 1: Soma taarifa yako ukiwa na kalamu

Omba taarifa ya miamala ya mwezi uliopita kupitia programu au menyu ya simu. Weka alama kwenye kila malipo ya chakula kilichopikwa tayari: chipsi, kuku, chai na mandazi, chakula cha mchana cha kazini. Malipo ya mama mboga na ya dukani yaache kwanza.

Sasa angalia saa. Kwenye taarifa, saa moja jioni huandikwa 19:00. Ukikuta malipo mengi yako kati ya 19:00 na 20:30, basi tatizo lako si kupenda raha. Ni kwamba unafika nyumbani umechelewa na hakuna kilichoandaliwa. Kumwambia mtu wa aina hiyo "jikaze" hakusaidii. Kinachosaidia ni chakula kilichopikwa siku ambayo hakuwa amechoka.

Angalia pia kama kuna siku salio lilikuwa pungufu ukalipia chakula kwa mkopo wa dharura. Mkopo huo una ada, kwa hivyo sahani ile ilikugharimu zaidi ya bei uliyotajiwa.

Hatua ya 2: Piga hesabu bila kujidanganya

Tuchukue mfano wa familia ya watu wanne mjini Nairobi. Bei hizi ni za mfano tu, weka za mtaa wako. Kwa wiki moja wanalipa hivi:

- Jumatatu jioni, chipsi na soseji: 600
- Jumatano jioni, chapati madondo: 360
- Ijumaa jioni, kuku na chipsi: 1,200
- Mchana kazini, watu wawili kwa siku tano, 150 kila mmoja: 1,500

Jumla ni shilingi 3,660. Wakijaribu kuacha yote kwa mpigo, watashindwa ndani ya wiki mbili. Basi wanaacha Ijumaa ilivyo, kwa sababu watoto huingojea. Wanabadilisha Jumatatu jioni, Jumatano jioni, na chakula cha mchana cha siku tatu. Hivyo vilikuwa vinakula 1,860.

Mahali pake wananunua maharagwe kilo moja (180), mahindi makavu kilo moja (100), viazi (100), nyanya, vitunguu na dania (150), mafuta (100), sukuma na kabichi (100) na unga wa ugali kilo 2 (160). Wanaongeza gesi, shilingi 200. Wengi husahau gesi, halafu hesabu inawageuka mtungi ukiisha. Jumla ni 1,090.

Tofauti ni shilingi 770 kwa wiki. Si pesa ya kununua shamba. Lakini kwa wiki 13 za muhula ni 10,010, na kuku wa Ijumaa bado yuko.

Hatua ya 3: Chemsha mara moja, kula mara nyingi

Jumamosi usiku, loweka maharagwe na mahindi kwenye vyombo tofauti. Jumapili mwaga maji hayo na uweke mapya. Anza na mahindi kwa sababu yanachukua muda mrefu zaidi. Maharagwe, hasa yale mekundu, hakikisha yametokota vizuri na kuiva kabisa. Yakiwa nusu mbichi yanaweza kuumiza tumbo. Ukiwa na sufuria ya presha, utaokoa muda na gesi.

Weka kando vikombe viwili vya maharagwe kwa ugali na sukuma ya Jumatano. Yanayobaki changanya na mahindi. Hiyo ni githeri ya Jumatatu jioni, na ya kubeba kazini Jumatatu hadi Jumatano. Gawa kwenye vyombo vidogo ipoe haraka, kisha uweke kwenye friji. Ya kubeba ipashe asubuhi hadi itokote, ndipo uiweke kwenye hotipoti.

Huna friji? Usichemshe ya siku tatu. Tumia njia ya katikati: mama mboga wengi huuza githeri na maharagwe yaliyochemshwa tayari kwa kikombe, na sukuma watakukatia ukiwa hapo hapo. Kitunguu, nyanya, chumvi, na baada ya dakika ishirini watu wanakula. Utalipa zaidi kidogo kuliko kuchemsha mwenyewe, lakini bado hujafika bei ya chipsi za watu wanne.

Na mzigo huu usiwe wa mama peke yake. Mtoto wa darasa la sita anaweza kuchagua maharagwe mawe yakitoka, na baba anaweza kusonga ugali.

Hatua ya 4: Hamisha tofauti siku hiyo hiyo

Hapa ndipo wengi huteleza. Umepika Jumatatu, hukununua chipsi, lakini zile pesa bado zimekaa kwenye salio pamoja na pesa zingine. Kufikia Alhamisi zimeingia kwenye bando, nauli na mchango wa harusi. Ulipika, ukachoka, na hakuna ulichobakisha.

Kwa hivyo, jioni uliyokula nyumbani, kabla ya kulala, hamisha tofauti hadi kwenye akiba iliyofungwa na uipe jina: "Karo Muhula wa Pili". Hata ikiwa ni shilingi 200. Jina linasaidia, maana kutoa pesa kwenye "Akiba" ni rahisi kuliko kutoa kwenye karo ya mtoto.

Mambo mengine madogo:

- Ukienda sokoni na unahitaji pesa taslimu, panga utoe mara moja. Kila unapotoa kwa wakala kuna ada.
- Mafuta na sukari za kupima kila siku kwa kawaida huishia kuwa ghali kuliko pakiti kubwa. Mkiweza, nunueni pamoja na jirani na mgawane.
- Kabla ya kuweka PIN, soma jina linalotokea kwenye simu. Hakikisha ni la duka unalolipa.

Zoezi la wiki hii

Usibadilishe chochote kwanza. Toa taarifa ya mwezi mmoja, weka alama, jumlisha, kisha mketi kama familia na mchague jioni mbili tu za kupika. Jioni ya tatu, ile ya kula nje, ichagueni pia, na mwiandike. Mkifika kibandani siku hiyo, kuleni kwa raha. Mmeipangia.