Toroli Hukunjwa, Moto Haukunjwi: Somo kwa Wachoma Nyama wa Mipakani



Anayewasili Busia au Malaba jioni hupokewa na harufu ya nyama kabla hajaliona lango la forodha. Mishikaki, kuku, ndizi za kuchoma na mahindi ndivyo vinavyowashibisha madereva wanaosubiri karatasi zao, makuli, wabadilishaji fedha na vijana wa boda boda. Biashara hii ni halali, inalisha familia nyingi, na wengi wanaoifanya ni kina mama na vijana walioanza na mtaji mdogo.

Mteja wa mpakani hakai mahali pamoja. Foleni ikisogea, naye husogea. Ndiyo maana wachoma nyama wengi wameacha jiko la kusimama na kuchukua jiko dogo la kubebeka, linalowekwa juu ya toroli la kukunjwa. Asubuhi toroli hukunjuliwa, jioni hukunjwa na kupakiwa nyuma ya boda boda. Chombo hiki ni cha manufaa, lakini kinabeba moto katikati ya watu, na mara nyingi kando ya malori ya mafuta. Somo la toleo hili linahusu namna ya kukichagua na namna ya kukitumia.

Kisa cha bolti moja

Jioni moja nikiwa katika doria ya miguu, niliona toroli likipiga magoti. Mguu mmoja ulijikunja wenyewe, jiko likaegemea, na makaa mekundu yakabingirika barabarani hadi chini ya lori lililokuwa limesimama. Kwa bahati, lori lile lilikuwa na shehena ya saruji. Utingo alirusha mchanga, mama mwenye jiko akamwaga maji yake ya kunawia, na moto ukazimika. Hakuna aliyeungua.

Nilipokagua toroli lile, niliona kwamba mahali pa bolti pamefungwa kamba ya katani.

"Mama, bolti iko wapi?" nikamwuliza.

"Afande, ilidondoka juzi," akajibu. "Mpya ni shilingi mia tano tu. Kila siku nasema nitanunua kesho."

Nilitazama foleni. Lori la tatu kutoka pale lilikuwa la petroli. Tangu siku hiyo, kila ninapokutana na wachoma nyama, huanza mazungumzo kwa kuuliza habari za bolti.

Sehemu ya kwanza: kuchagua toroli

Usinunue toroli kwa kuvutiwa na rangi yake, wala kwa sababu tu ni jepesi. Litazame katika mambo matano.

Kwanza, uzito litakaoubeba. Jumlisha kila kitu. Tuseme jiko ni kilo 12, mkaa kilo 5, nyama kilo 10, na dumu la maji kilo 5. Hizo ni kilo 32. Tafuta toroli linaloweza kubeba angalau mara mbili ya hapo. Kabla ya kulipa, mwombe muuzaji akuwekee juu yake mfuko wa saruji wa kilo 50 pamoja na kitu kingine cha kilo 14 au zaidi, kisha ulisukume hatua mia moja, ukilipitisha juu ya jiwe na ndani ya shimo. Likilia au likipinda, liache.

Pili, kifungo cha miguu. Hapa ndipo penye tofauti kubwa kati ya toroli la kukunjwa na meza ya kawaida. Kila mguu uwe na pini ya chuma au komeo linaloingia hadi mwisho, lisiloweza kutoka kwa mtikisiko. Kamba, waya na msumari uliopindwa si vifungo. Nunua pini mbili za akiba na uzifunge kwenye mpini.

Tatu, upana wa nyayo. Toroli jembamba na refu huanguka upesi, kwa kuwa uzito wake uko juu. Umbali kati ya miguu ya kushoto na ya kulia usiwe mdogo kuliko upana wa jiko lenyewe. Lisukume kwa bega upande mmoja, jinsi mpita njia mlevi atakavyolisukuma; toroli zuri hutikisika na kurudi mahali pake.

Nne, magurudumu. Magurudumu madogo ya plastiki yanafaa sakafu ya saruji. Kwenye barabara zetu za udongo na kokoto hukwama, na yakiwa karibu na joto hulainika. Chagua magurudumu makubwa ya mpira, na angalau mawili yawe na breki. Kama hayana breki, beba kabari mbili za mbao za kuzuia mbele na nyuma.

Tano, kinga ya joto. Jiko lisikae moja kwa moja juu ya kitambaa, mbao au plastiki ya toroli. Liwekwe juu ya bamba la chuma lililoinuliwa kwa vipande vya tofali, ili hewa ipite chini yake. Rafu ya chini isiwekwe gunia la mkaa, mifuko ya plastiki wala chupa ya mafuta, kwa sababu makaa yanayodondoka huangukia hapo hapo.

Neno moja pia kwa mafundi wa kuchomelea vyuma, ambao kazi yao tunaithamini. Pipa lililowahi kubeba petroli au kemikali lisikatwe kwa moto ili kutengenezwa jiko. Hata likionekana tupu, mvuke uliobaki ndani unaweza kulipuka usoni mwa fundi. Wavu wa kuchomea nao usitolewe kwenye jokofu bovu, wala usiwe wa chuma kilichopakwa zinki, kwani vyuma hivyo vikipata moto mkali huweza kutoa sumu inayoingia katika chakula na katika mapafu ya mchomaji.

Mwisho, dai stakabadhi na uweke alama yako mahali pa siri kwenye toroli. Matoroli huibwa, na mara kadhaa tumepata mali iliyoibwa tukakosa kumtambua mwenyewe. Stakabadhi pia hukusaidia unapovuka mpaka na chombo ulichonunua upande wa pili.

Sehemu ya pili: kuchagua mahali

Mafuta mengi yanayotumika Uganda huingia kwa malori kupitia Malaba na Busia. Kwa hiyo mchoma nyama wa mpakani ana jirani ambaye mchoma nyama wa kijijini hana, na inampasa kuijua tabia ya jirani huyo.

Petroli yenyewe haihitaji joto ili itoe mvuke. Hutoa mvuke hata usiku wa baridi. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa. Haupandi juu kama moshi, bali hutambaa chini, hufuata mteremko, huingia mitaroni na kujikusanya mabondeni. Ukikutana na kaa moja la moto, huwaka na kurudi hadi ulikotoka. Ndiyo sababu mtu aliye mbali na lori anaweza kuwa hatarini, hasa akiwa upande wa chini wa mteremko.

Kutokana na hayo, tunashauri kanuni nne. Usiwashe jiko ndani ya hatua kubwa 50 kutoka kwa lori la mafuta au kituo cha petroli. Ukipata nafasi ya kwenda mbali zaidi, nenda. Simama upande wa juu wa mteremko, na upande ambao upepo unatokea. Usiweke toroli juu ya mtaro wala kando yake. Na foleni ikisogea hata lori la mafuta likasimama mbele yako, anayehama ni wewe, kwa sababu dereva hana pa kwenda. Kama makaa bado yanawaka, yazime kwanza ndipo uhame.

Majirani zetu wameonja uchungu wa jambo hili. Tarehe 2 Julai 2010, katika kijiji cha Sange, Kivu Kusini, lori la mafuta lilipinduka na kuwaka. Watu zaidi ya 200 walifariki, wakiwamo waliokuwa wamekusanyika kutazama mpira. Tarehe 10 Agosti 2019, mjini Morogoro, Tanzania, lori lingine lilipinduka, watu wakakimbilia kuchota mafuta, na zaidi ya 100 wakapoteza maisha. Hatusemi kwamba majiko ya nyama ndiyo yaliyoanzisha mioto hiyo. Tunakumbusha tu kwamba mafuta yakishamwagika, cheche haiulizwi ilikotoka. Ukiona lori linavuja, zima jiko, ondoa watu, kisha piga 999 au 112. Usiende na dumu.

Sehemu ya tatu: kuwasha na kuchoma

Mambo matatu yafanyike kabla ya kiberiti. Funga breki au weka kabari. Kagua pini zote kwa kuzigusa kwa mkono, wala usitosheke na kutazama. Weka karibu ndoo ya mchanga na dumu la maji.

Washa kwa magunzi ya mahindi makavu, vijiti au karatasi. Usitumie petroli hata kijiko kimoja. Uwe mwangalifu pia na mafuta ya taa yanayouzwa kando ya njia katika chupa, kwani ya magendo mara nyingine huchanganywa na petroli, na mnunuzi hana njia ya kuyatambua kwa macho.

Mafuta ya nyama yakiwaka ghafla, usimwage maji juu yake, maana maji hurusha mafuta hayo yakiwa na moto. Ondoa nyama, funika jiko kwa mfuniko au bamba, au nyunyiza mchanga. Nguo ikishika moto, usikimbie: lala chini na ujiviringishe. Aliyeungua amwagiwe maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20, kisha apelekwe kituo cha afya. Dawa ya meno, siagi na majivu havitibu, huongeza madhara.

Watoto wanaosaidia wazazi wao baada ya shule wapewe kazi ya kupokea pesa au kuosha sahani, wasisimame upande wa jiko unaopakana na barabara.

Sehemu ya nne: kuzima, kukunja na kurudi nyumbani

Hapa ndipo wengi wanapokosea, maana saa za mwisho ni saa za uchovu. Toroli hukunjwa kwa dakika moja. Makaa hayazimiki kwa dakika moja. Makaa yaliyofunikwa na majivu meupe huonekana yamekufa, kumbe yanaweza kubaki na moto siku nzima na zaidi.

Fuata utaratibu huu. Funika makaa kwa mchanga ili ukali wa moto upungue. Kisha mwaga maji kidogo kidogo ukiwa umesimama pembeni, kwa sababu mvuke wa ghafla huunguza uso. Koroga kwa chuma, umwage tena, hadi pasitoke moshi wala sauti. Hamisha majivu katika debe la chuma lenye mfuniko. Yasiwekwe katika gunia, boksi au jalala la soko. Jiko likishapoa kiasi cha kushikika kwa kiganja, ndipo ulishushe na kulikunja toroli. Kamwe usisukume wala kukunja toroli lenye moto.

Jambo la mwisho ndilo zito kuliko yote. Usiku wa mvua, wengine huingiza jiko ndani ya kibanda wanacholala, ama kulinda mali, ama kupata joto. Makaa hutoa hewa ya kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu. Aliye macho huanza kuumwa kichwa, kusikia kizunguzungu na kichefuchefu, aliyelala haamki. Mlango uliofunguliwa kidogo hautoshi. Jiko lilale nje, limefungwa kwa mnyororo na kufuli. Likiibwa, tutalitafuta pamoja.

Maswali ya kujipima

1. Toroli lako lina pini ngapi, na leo umezigusa zote?
2. Ulipo sasa, mteremko unaelekea wapi, na nani amesimama upande wa juu?
3. Ndoo yako ya mchanga iko wapi?
4. Jana usiku makaa yako yalilala wapi?

Anayeshindwa kujibu swali moja kati ya haya afike kituo chochote cha polisi, aulize ofisi ya polisi jamii. Hatumwiti ili tumkamate. Tutakwenda naye hadi kwenye jiko lake, tulikague pamoja, na kama kinachokosekana ni bolti, tutamwonyesha duka.

Yule mama wa kisa chetu bado anachoma nyama. Amehamia upande wa juu wa barabara, mbali na foleni ya malori ya mafuta, na anasema wateja walimfuata huko huko. Nilipompitia mara ya mwisho, aliniita kabla sijamsalimu: "Afande, njoo uishike mwenyewe." Niliishika. Ilikuwa bolti mpya, imekazwa kwa nati mbili.