Udongo Unaokwenda na Maji

Siku ya mvua kubwa, ikiisha kupusa, nendeni mkautazame mto ulio karibu nanyi. Maji yake si meupe tena. Ni mekundu, au yana rangi ya chai iliyotiwa maziwa. Rangi hiyo haikushuka pamoja na mvua. Ni udongo wa mashamba yaliyo juu, nao ni ule udongo mwema wa juu uliokuwa ukilisha mtama, mahindi na maharagwe. Ukiisha kuchukuliwa na mto, haurudi. Mwenye shamba amepotewa na mali, wala hakusikia mwizi akiingia.

Udongo huo si mwingi kama watu wanavyodhani. Mkichimba shimo shambani mtaona tabaka la juu lenye rangi iliyoiva, lenye mizizi, minyoo na majani yaliyooza. Mahali pengi kimo chake hakipiti shubiri moja au mbili. Chini yake kuna udongo mgumu, wenye chakula haba cha mimea. Tena, udongo wa juu hutengenezwa polepole mno: mawe huvunjika, majani huoza, wadudu huchanganya, na mamia ya miaka hupita kabla haujapatikana unene wa kidole kimoja. Lakini mvua chache kali zaweza kuuondoa.

Jaribio

Twaeni visanduku viwili vya mbao, kila kimoja kikiwa na upande mmoja uliofunguliwa. Katika cha kwanza tieni udongo mtupu. Katika cha pili tieni udongo uliochimbwa pamoja na majani yake yanayoota. Viinamisheni vyote sawasawa, mkaweke bakuli chini ya kila kimoja. Kisha mimineni maji kwa mkebe uliotobolewa matundu madogo, kiasi kimoja kwa visanduku vyote viwili. Yatazameni maji ya mabakuli. Ya kwanza yatakuwa mengi, nayo ni tope; ya pili yatakuwa machache, tena safi zaidi.

Sababu yake ni hii. Tone la mvua likianguka juu ya udongo mtupu huupiga kama nyundo ndogo, likautawanya. Chembe zilizotawanyika huziba vitundu vya ardhi, na maji, yasipopata njia ya kuingia, hukimbia. Kadiri yanavyokimbia ndivyo yanavyopata nguvu ya kuchukua udongo. Lakini mahali penye majani, tone huangukia jani kwanza, kisha hudondoka taratibu. Na mizizi hushika udongo kama vidole vya mkono.

Habari za Kondoa

Katika nchi ya Tanzania, mkoani Dodoma, iko wilaya ya Kondoa. Katika vilima vya Irangi watu walilima na kufuga kwa miaka mingi. Miti ilikatwa ili kupata mashamba, kuni na miti ya kujengea. Mapori mengine yalifyekwa ili kuwafukuza mbung'o. Ng'ombe, mbuzi na kondoo walizidi, wakala majani mpaka mizizi. Mvua iliponyesha ikakuta vilima vitupu. Vijito vidogo vikachimba vifereji, vifereji vikawa makorongo, na makorongo mengine yakawa marefu kuliko nyumba. Mchanga ukashuka mabondeni ukafunika mashamba. Wahenga walisema, "Usipoziba ufa utajenga ukuta". Na huko ufa ulikuwa umekwisha kuwa bonde.

Mwaka 1973 serikali ilianzisha mpango ulioitwa Hifadhi Ardhi Dodoma, au kwa kifupi HADO. Makinga maji yalichimbwa na miti ikapandwa, lakini mifugo iliendelea kukanyaga na kula. Basi mwaka 1979 ikatolewa amri nzito: mifugo yote iondolewe katika eneo lililoharibika, ambalo ukubwa wake ulikuwa kilomita za mraba 1,256. Fikirini jambo hilo lilivyokuwa zito kwa mwenye ng'ombe. Ng'ombe ni maziwa ya watoto, ni samadi ya shamba, ni mahari ya kijana, ni akiba ya siku ya njaa. Wengine walihamisha mifugo yao mbali, wengine waliuza, na wengi walinung'unika, wala hatuwezi kusema kwamba walinung'unika bure.

Lakini baada ya miaka michache majani yaliota tena juu ya vilima, vichaka vikarudi, na mabondeni watu wakaweza kulima penye mchanga uliotulia. Baadaye, mifugo michache ya maziwa iliruhusiwa kwa sharti la kufungwa zizini na kuletewa majani. Mfano huu hutufundisha mambo mawili: ardhi iliyojeruhiwa yaweza kupona, na kuiponya kwagharimu zaidi kuliko kuitunza tangu mwanzo.

Kazi za kila nyumba

Kwanza, matuta yaukingame mteremko, yasishuke pamoja nao. Tuta linaloshuka ni barabara ya maji. Tuta linalokingama ni ukuta mdogo. Wakulima wa Machakos, katika Kenya, huchimba mfereji ukingamao mteremko na kuutupa udongo upande wa juu, ndiyo maana kazi hiyo huitwa "fanya juu". Juu ya ukingo hupanda majani ya kulisha ng'ombe. Mwaka baada ya mwaka udongo hujikusanya nyuma ya ukingo, na mteremko hugeuka kuwa ngazi.

Pili, mabua na majani yasichomwe moto baada ya mavuno. Wamatengo wa Mbinga, walimao milima mikali, wanajua jambo hili tangu zamani. Hukata majani, huyalaza shambani kwa miraba, kisha huyafunika kwa udongo uliochimbwa katikati ya kila mraba. Mashimo yanayobaki, yaitwayo ngoro, hushika maji ya mvua, na majani yaliyofukiwa huwa mbolea.

Tatu, ng'ombe wasiwe wengi kupita malisho. Ng'ombe wawili walioshiba hutoa maziwa kupita watano wenye njaa.

Nne, kuni zitumike kwa kiasi. Moto wa mafiga matatu hupoteza joto jingi kandokando ya chungu. Jiko la udongo linaloufunika moto pande zote hupika kwa kuni chache zaidi. Basi hata mama akiwa jikoni aweza kuhifadhi kilima.

Tano, kandokando ya mto pasilimwe. Mwanzi, mabingobingo na miti ya hapo ndiyo inayoshika kingo.

Lakini nyumba moja haitoshi. Maji hayajui mpaka wa shamba. Mtu wa juu asipochimba kinga maji, maji yake yatavunja matuta ya mtu wa chini, hata kama huyu amefanya kazi yake vema. Kwa hiyo yafaa kijiji kizima kipatane siku ya msaragambo, kianze kazi kutoka juu ya kilima na kushuka, kila mtu na jembe lake. Nanyi wanafunzi mwaweza kuanza katika uwanja wa shule: tafuteni mahali maji yanapochimba njia, mkaweke mawe na kupanda majani kabla mvua nyingine haijaja.

Maswali

1. Kwa nini maji ya mto huwa mekundu baada ya mvua?
2. Tone la mvua hufanya nini juu ya udongo mtupu?
3. Taja sababu tatu zilizoharibu vilima vya Irangi.
4. Je, amri ya mwaka 1979 ilikuwa ya haki? Toa sababu za pande zote mbili.
5. Chora mteremko, uonyeshe mfereji wa "fanya juu" na mahali udongo unapotupwa.
6. Kwa nini kazi ya kukinga maji huanza juu ya kilima?