Kodi Isiyolipwa na Mlango Uliotiwa Kufuli

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baad.

Ndugu zangu Waislamu, siku moja baada ya sala ya magharibi walinijia watu wawili wa safu moja katika msikiti wetu hapa Mombasa. Mmoja ni mpangaji. Kazi yake ilikuwa imekatika, na kodi ya miezi mitatu hakulipa. Adhuhuri ya siku ile alirudi akakuta mlango una kufuli, wanawe wamekaa barazani, na misahafu yao ya chuoni imo ndani. Wa pili ndiye aliyetia kufuli. Nikamuuliza, "Bwana, wamfungia nduguyo na watoto wake nje?" Akajibu, "Sheikh, nyumba si yangu. Ni ya mayatima wa marehemu kaka yangu, nami ni wasii wao. Kodi hii ndiyo chakula chao. Nifanyeje?"

Nikaona kila mmoja ana haki, na kila mmoja amekosa njia ya kuitafuta. Nami nikajilaumu, kwani kila mwaka nasomesha mlango wa ijara, wala sijapata kuwaeleza watu mambo haya nje ya darasa. Basi haya ndiyo niliyowajibu.

Mas-ala ya kwanza: Ijara ya nyumba. Katika madhehebu yetu ya Imam Shafi'i, ijara ni kumilikisha manfaa kwa ujira ujulikanao na kwa mudda ujulikanao. Ikisha fungwa yawalazimu wote wawili. Mwenyi nyumba hana ruhusa kumtoa mpangaji ndani ya mudda kwa kuwa amepata wa kulipa zaidi. Wala mpangaji hana ruhusa kuvunja apendavyo. Na hapa wengi wetu hukosea: husema, "Kila mwezi shilingi kadha," bila ya kutaja mwisho. Kauli yenye nguvu kwetu ni kuwa ijara hiyo haisihi, kwani mudda wake haujulikani, na aliyekaa yampasa kulipa ujira wa mfano, yaani kodi ilipwayo kwa nyumba kama ile. Dawa yake ni nyepesi: tajeni idadi ya miezi, mwandike, mshuhudize.

Mas-ala ya pili: Mpangaji mwenye uwezo. Mtume, rehema na amani zimshukie, ametufundisha kuwa tajiri acheleweshaye deni amedhulumu. Basi mwenye mshahara anunuaye simu mpya na kumwambia mwenyi nyumba "kesho", huyo ni dhalimu, hata akiswali safu ya mbele. Hakimu ana haki ya kumlazimisha alipe.

Mas-ala ya tatu: Mpangaji mwenye dhiki. Mwenyezi Mungu ametuamrisha katika Suratul Baqara, aya ya 280, kumngojea mdeni mwenye dhiki mpaka apate wasaa, na akatujulisha kuwa kumwachia deni liwe sadaka ni bora zaidi. Wanazuoni wetu wamesema: ukithibiti ufukara wake mbele ya kadhi, haifai kumfunga wala kumwandama, hupewa muhula. Lakini fahamuni vyema: muhula huu ni wa deni, si ruhusa ya kukaa bure milele katika mali ya mtu. Hakimu akimhukumu mpangaji kuwa mufilisi, mwenyi nyumba ana hiari ya kuvunja ijara kwa mudda uliobaki na kurejewa na nyumba yake. Kodi ya siku zilizopita hubaki deni, na deni hilo ndilo lingojewalo.

Mas-ala ya nne: Kufuli. Mdeni akikiri deni na asikatae kulipa, si halali kwa mwenye haki kujitwalia kitu chake chochote, amtake alipe. Kitanda, sufuria na misahafu ya watoto havikuwekwa rahani, basi kuvizuia ni ghasbu. Kadhalika kuezua bati au kung'oa mlango ili mtu ahame. Haki yako ya kodi haikufanyi wewe kuwa kadhi.

Mas-ala ya tano: Aende kwa nani? Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 170, imempa Kadhi mambo ya hali ya mtu, ndoa, talaka na mirathi. Kodi ya nyumba haimo. Nyumba ambazo kodi yake ya kisheria haipiti shilingi 2,500 kwa mwezi zina sheria yake ya mwaka 1959 na baraza lake. Kwa sheria hiyo kodi isiyolipwa ni sababu ya kuomba amri ya kumtoa mpangaji, lakini amri haitolewi illa baraza lione kuwa ni jambo la insafu. Na kumsumbua mpangaji ili ahame ni kosa. Nyumba za kodi kubwa zaidi hupelekwa mahakama nyingine. Mpangaji naye aweke risiti zake, kwani mdai huulizwa ushahidi.

Yule wasii akaniuliza, "Je, niwasamehe kwa niaba ya mayatima?" Nikamwambia: La. Wasii hana ruhusa kutoa sadaka mali ya yatima. Lakini kumngojea mwenye dhiki si kusamehe. Andikeni deni, usilipoteze.

Usiku ule kufuli ikafunguliwa. Mpangaji akakiri deni mbele ya mashahidi, na wakaafikiana ahame mwisho wa mwezi wa pili kwa hiari yake.

Likabaki jambo moja, nalo latuhusu sisi sote. Katika aya ya 60 ya Suratut Tawba, wenye madeni wametajwa miongoni mwa watu wanane wapewao zaka. Mpangaji huyu alikuwa jirani yetu miezi mitatu, na zaka zetu tulizipeleka mbali. Lau tungalimuuliza hali yake, deni lingalilipwa, mayatima wangalikula, na mlango usingalifungwa. Basi ewe ndugu, kabla hujatoa zaka yako mwaka huu, mwulize aliyesimama nawe bega kwa bega.

Wallahu a'lam.