Mtihani wa Tabia na Mizani ya Sayidna Umar

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya haya:

Katika darsa yetu ya hapa Kizingo, baada ya sala ya Magharibi, mzee mmoja ametuuliza mas-ala iliyomshughulisha moyo. Binti yake ameposwa na kijana ambaye yeye mzee amridhia, kwani humuona msikitini kila siku. Lakini ndugu za binti walimtaka kijana ajibu maswali ya tabia yaliyomo katika simu, na binti naye akajibu. Simu ikampa kila mmoja herufi nne, ikasema kuwa tabia zao hazipatani. Sasa mzee auliza: Je, tuivunje posa? Na mitihani hii ni ilmu, au ni kutizamia nyota kwa sura mpya?

Kwanza yapasa tutenganishe vitu viwili. Kutizamia nyota, kama ilivyokuwa desturi ya wengi katika mwambao wetu, ni kuhesabu herufi za jina la mtu na jina la mamake, hesabu ikapunguzwa kumi na mbili kumi na mbili, kisha kikasomwa kinachobaki: huyu nyota yake ni ya moto, yule ni ya maji, basi hawakai nyumba moja. Huko ni kudai ghaibu, na sharia imekataza. Mtihani wa tabia haudai ghaibu. Wauliza maswali, kisha wakusanya majibu ya mtu mwenyewe. Basi hatusemi kuwa ni haramu kwa asili yake.

Mtihani huu wa herufi nne una khabari yake. Mwaka 1921 daktari wa Uswisi, Carl Jung, alitoa kitabu juu ya namna za watu. Mama mmoja wa Marekani, Katharine Briggs, na bintiye Isabel Briggs Myers, ambao hawakuwa wataalamu wa ilmu ya nafsi, wakajenga mtihani juu ya fikra zake, wakawagawa watu mafungu 16.

Faida yake ipo. Humfanya mtu akae ajiulize nafsi yake, na huo ni mlango wa muhasaba. Tena mume apendaye kimya na mke apendaye wageni huweza kupata maneno ya kuelezana bila ya kugombana. Na kuwa watu hutafautiana tabia si jambo geni kwetu. Mtume, rehema na amani zimshukie, alimsifu Ashajji wa Abdulqays kwa upole na utulivu wake, na alimnasiha Abu Dharri asishike uongozi kwa udhaifu aliouona kwake katika jambo hilo, juu ya utukufu wake katika dini.

Ama kasoro zake, tutataja nne.

Ya kwanza, anayejibu ni mtu mwenyewe. Ni shahidi wa nafsi yake, na mwenye kuposa hajisemi vibaya.

Ya pili, wengi waurudiapo baada ya wiki chache hupata herufi nyengine. Sababu ni kuwa mtihani hukata watu mapande mawili, kama mtu awagawaye watu kuwa warefu na wafupi, na hali wengi ni wa kimo cha kati. Ndiyo maana wataalamu wengi wa leo hupendelea kupima sifa tano kwa daraja, bila ya kuwatia watu katika mafungu.

Ya tatu, mtu ni mwepesi wa kusadiki asemwavyo. Mwaka 1948 mwalimu wa Marekani, Bertram Forer, aliwapa wanafunzi 39 mtihani, kisha akampa kila mmoja karatasi ya sifa zake. Wakaipima usahihi wake kwa alama 0 mpaka 5, na wastani ukawa 4.26. Kumbe karatasi zote zilikuwa na maneno yale yale, na mengi aliyatoa katika kitabu cha nyota! Hapa ndipo simu na ramli hukutana.

Ya nne, nayo ndiyo kubwa: mtu hufanya herufi zake kuwa udhuru, akasema, mimi ni mkali, ndivyo nilivyoumbwa. Imam Ghazali katika Ihya aliwajibu wasemao kuwa tabia haibadiliki: lau ingekuwa hivyo, mawaidha na adabu zingekuwa bure, na hali hata farasi hufunzwa akafunzika.

Basi mizani iko wapi? Imepokewa kuwa mtu mmoja alimtolea mwenziwe ushahidi mbele ya Sayidna Umar, Mungu amwie radhi. Sayidna Umar akamuuliza kama ni jirani yake, kama amesafiri naye, kama amefanya naye muamala wa pesa. Yote akajibu la. Akamwambia basi hamjui, pengine amemuona tu msikitini akisali.

Mzee wetu na asikie, kwani jawabu hili ni lake na la wanawe pamoja. Wao wametosheka na simu, naye ametosheka na safu ya msikitini, na wote hawajamjua kijana. Msiivunje posa kwa herufi nne, wala msiifunge kwa kuona sijida tu. Nendeni kwa jirani zake, kwa aliosafiri nao, na kwa waliomkopesha au waliofanya naye biashara. Kisha muulizeni binti, kwani ndiye atakayekaa naye, na ridhaa ni yake. Mkishauriana, salini istikhara.

Na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi.