Nyumba ya Kariakoo si pesa mkononi

Chukulia bibi wa miaka 72 anayeishi chumba cha uani, Mtaa wa Narung'ombe, kwenye nyumba aliyoiacha marehemu baba yake. Barazani kuna fremu mbili zimepangishwa. Vidonge vyake vya presha amevifunga kwenye pindo la kanga. Leo anameza, kesho anaruka, ili visiishe haraka. Ukimuuliza, atakwambia hajambo. Kodi ya fremu anapokea kaka yake na kuigawa kwa warithi saba. Mwanawe anauza mitumba Mtaa wa Congo na ana watoto watatu wanaosoma. Bibi anaona akitaja dawa, atakuwa amemnyang'anya mjukuu ada.

Bibi huyu ni wa mfano, lakini haki yake si ya mfano. Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 inamtambua mzee kuwa mtu wa miaka 60 na kuendelea, na utaratibu wa serikali ni kwamba mzee asiye na uwezo atibiwe bure katika vituo vya afya vya umma. Maneno mazito hapo ni "asiye na uwezo", na ndipo mzee wa Kariakoo anapokwama. Mtu akisikia anakoishi, anamwona tajiri. Ninyi jamaa wa mzee, msibishane na mtu huyo, pelekeni hesabu. Warithi ni wangapi? Kodi inapokelewa na nani? Mara ya mwisho mzee alipata mgao lini, na kiasi gani? Mali ambayo mzee hawezi kuiuza peke yake hainunui dawa.

Safari inaanzia kwa mjumbe na ofisi ya serikali ya mtaa, mnapopata barua ya utambulisho. Chukueni picha ndogo za mzee na kitambulisho chenye umri wake, cha NIDA au cha mpiga kura. Kisha nendeni kwa afisa ustawi wa jamii, mkaulizie kitambulisho cha matibabu ya wazee kinachotolewa na halmashauri. Kwa Kariakoo ni Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam.

Ugonjwa ukitangulia kitambulisho, msimweke mzee nyumbani kusubiri karatasi. Mpelekeni, hospitali ya Mnazi Mmoja si mbali, na mkifika ombeni kuonana na afisa ustawi wa jamii wa hospitali. Yeye ndiye anayechunguza hali ya mgonjwa ili apewe msamaha. Muhimbili nendeni kwa rufaa, isipokuwa kwa dharura.

Kero kubwa ni dawa. Mzee anaonwa bure, halafu anaandikiwa cheti akanunue nje, na kwa bibi yetu hiyo ni sawa na kutotibiwa. Msiondoke kimya. Muulizeni daktari kama ipo dawa nyingine ya kundi hilo iliyopo dirishani, kisha nendeni kwa mganga mfawidhi. Mkikwama kabisa, Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora inapokea malalamiko bila malipo, na msaidizi wa kisheria aliyesajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 anaweza kuwasaidia kuyaandika.

Katiba nayo, ibara ya 11, inataja haki ya kusaidiwa na jamii wakati wa uzee na maradhi. Kwa bahati mbaya, ibara ya 7 inazuia mahakama kuilazimisha serikali kwa ibara hiyo ya 11. Ndiyo maana nasisitiza barua na vitambulisho.

Kama yupo mtoto mwajiriwa anayechangia bima ya afya ya NHIF, aulize leo kuhusu kumwandikisha mzazi kuwa mtegemezi wake.

Na siku ya kwenda kwa afisa, mwacheni mzee aseme mwenyewe. Wengi wetu tunaona haya kukiri kwamba mama hana dawa, tunadakia, "Tunamtunza vizuri tu." Afisa anaandika hivyo hivyo. Bibi afungue pindo la kanga, avitoe vidonge vyake mezani, aeleze anavyoviruka.